Ukitaka 240Z, nunua bodi kwanza

Mhariri,

Safari Rally inapokaribia, magazeti huirudia ile picha ya gari la michezo la Datsun 240Z, jekundu lenye boneti nyeusi, matope hadi vioo, watu wamebanana kando ya barabara. Mara nyingine maelezo yake husema huyo ni Shekhar Mehta, bingwa wa 1971. Sivyo. Waliotwaa ushindi mwaka huo ni Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mehta alikuwa wa pili, naye pia katika 240Z. Zamu yake ilifika 1973, akiwa na msoma-ramani wake Lofty Drews, tena chupuchupu: alilingana alama na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Hatuandiki kwa sababu ya maelezo ya picha peke yake. Picha hizo ndizo zinazowatia watu ugonjwa wa gari hili, na ugonjwa huo haujali umri. Mtu anaiona, anautafuta mlio wa silinda sita kwenye simu, baada ya miezi kadhaa anaanza kuulizia la kununua. Anapelekwa kwa muuzaji, boneti inafunguliwa, injini inawashwa, inanguruma vizuri, rangi inang'aa. Analipa. Mwaka mmoja baadaye gari liko juu ya mawe kwa fundi wa bodi na pesa zimekwisha.

Kosa lake ni kununua injini. Injini ya 240Z ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Ni L24 yenye sentimita za ujazo 2,393, silinda sita kwa mstari mmoja, kemshafti moja juu na kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Ni ukoo mmoja na L16 ya Datsun 1600 na L18 ya 180B, injini ambazo mafundi wetu wamezifungua na kuzifunga tangu miaka ya sabini. Hata kama block (mwili wa injini wenye silinda) imepasuka, L28 iliyowekwa kwenye Nissan Patrol za petroli za zamani inakaa kwenye mahali palepale, mradi uhamishie sampu (beseni la oili) na bomba la kufyonza oili la 240Z. Injini ikichoka unaishusha, unapima, unapanua silinda, unaweka pistoni na ringi, unairudisha. Kazi yenye mwanzo na mwisho.

Kutu haina mwisho. 240Z haina chesi, yaani fremu, ya peke yake. Bodi ndiyo chesi. Gari zima lina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, na wepesi huo umetokana na bati jembamba ambalo Wajapani wa 1970 hawakulikinga kama wanavyokinga leo. Likioza chini, milango inaanza kushuka na gari haliendi sawa hata ukilipa mpangilio wa magurudumu mara kumi.

Anayekwenda kuangalia gari achukue tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa isikwaruze rangi, bisibisi na jeki yenye stendi. Asiwashe injini kwanza. Aanzie chini ya sahani ya betri. Tindikali ya betri hudondoka miaka na miaka, hula sahani, halafu huingia kwenye reli ya bodi iliyo chini yake, ile inayobeba injini na saspensheni ya mbele. Sahani ni bati la kubadilisha asubuhi moja. Reli ikiwa imetoboka ndani, hapo unazungumzia kunyoosha na kuchomelea gari likiwa limefungwa kwenye fremu ya vipimo. Gonga reli kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma na usikilize: bati zima hulia kwa mlio mkali, lililooza hutoa sauti iliyokufa.

Kisha ainue zulia. Sakafu imefunikwa kwa tabaka la lami la kuzuia kelele, na lami hiyo huficha mengi. Maji yakipenya kwa juu hukaa chini yake bila kuonekana. Penye uvimbe, chokonoa kwa bisibisi. Toka nje, pitisha sumaku kwenye vizingiti vya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya chini ya madigadi ya mbele, na hasa kwenye ile kona ndogo kati ya mwisho wa mlango na tairi la nyuma. Sumaku ikiteleza bila kushika, chini ya rangi kuna puti, ile pasta ya kuziba mashimo. Puti kidogo ya kusawazisha si dhambi. Puti nene kama kidole ni bati lililokosekana. Mwisho atoe tairi la akiba na aangalie shimo lake, kisha afungue mlango wa nyuma na kufuatilia ukingo wote wa mpira. Magari yaliyolala Mombasa au Tanga yaangaliwe mara mbili kwa sababu ya upepo wa chumvi.

Nafasi kati ya mlango na bodi inasema kweli kuliko muuzaji. Iwe sawa juu mpaka chini. Ikiwa imebana juu upande wa nyuma na kupanuka chini, bodi imekunjika katikati. Usishawishiwe kwamba ni bawaba tu. Jaribio ni rahisi: inua mlango uliofunguliwa kwa mkono. Bawaba iliyochoka utaisikia inacheza. Isipocheza, tatizo liko kwenye bodi.

Sasa injini iwashwe, na iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha kabla hujafika ana jambo. Moshi wa bluu unapoachia mafuta kisha kukanyaga tena ni mipira ya valvu, kazi ndogo. Moshi wa bluu wa mfululizo ni ringi. Mvuke mweupe usiokwisha pamoja na maji yanayopungua ni gasketi, na hapo uwe mwangalifu, kwani silinda hedi ni ya aluminiamu juu ya block ya chuma. Gari lililochemshwa mara kadhaa hedi yake imepinda na haitakaa sawa bila kupelekwa kwenye mashine.

Hapo pia ndipo mafundi wengi wasiolijua gari hili huharibu. Kabla ya kutoa hedi ya L24 lazima ukate kabari ya mbao na kuipigilia katikati ya cheni ya taimingi ili kikaza cheni kisiruke. Ukisahau, kikaza kinatoka mahali pake, cheni inalegea ndani, na hakuna namna ya kukirudisha bila kufungua kava lote la mbele, pamoja na puli, pampu ya maji na pengine sampu. Kazi ya siku moja inageuka ya wiki. Muulize fundi wako swali hilo moja kabla ya kumpa ufunguo: kabari ataiweka wapi?

Kabureta zinalaumiwa bure. Gari likisitasita ukikanyaga ghafla, kwanza fungua kifuniko cheusi juu ya kila kabureta uangalie oili ya damper, yaani kifaa cha kupunguza kasi ya pistoni ya kabureta. Ikiwa imekwisha, pistoni hiyo huruka haraka mno na mchanganyiko wa petroli na hewa huwa mwepesi kwa sekunde hiyo. Jaza oili nyepesi ya SAE 20, jaribu tena. Tatizo likibaki, chukua nati ya mchanganyiko iliyo chini ya kabureta, ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Huo ndio mwanzo, zote mbili zilingane. Nairobi, yenye mwinuko wa mita 1,700 na ushee, hewa ni nyepesi na petroli huzidi, kwa hiyo utaipandisha tena kidogo. Gari hilohilo likishuka pwani litataka kurudishwa. Plagi ikitoka rangi ya kahawia hafifu umefika. Kabla ya hayo yote hakikisha valvu zimepimwa injini ikiwa moto, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutolea, na waya za plagi zimefuata mpangilio wa kuwaka silinda wa 1-5-3-6-2-4, mzunguko ukiwa kinyume cha saa. Tumeona kabureta nzuri zikitupwa kwa sababu waya mbili zilibadilishana.

Walio Marekani wanaotaka kununua huko wajue kwamba magari ya 1973 ya soko hilo yalikuja na kabureta za vichwa bapa zilizotengenezwa kwa ajili ya sheria za moshi. Kwenye joto na foleni petroli huchemka ndani yake. Karibu kila mwenye gari huzitoa na kurudisha zile za duara za miaka ya kwanza.

Mambo mengine mawili yatakula pesa bila kutangaza. La kwanza ni pini ndefu inayoshika mkono wa saspensheni ya nyuma chini ya shokapu. Ukitaka kubadilisha bushi lazima itoke, na ikiwa imekaa miaka hamsini imeshikana kwa kutu. Fundi mwenye nyundo ataipiga mpaka ncha yake ifumuke na nyuzi zife, kisha itabidi ikatwe. Toa kwanza kijipini cha kufungia kilicho katikati, loweka kwa mafuta ya kupenya kwa siku kadhaa, halafu ivutwe kwa kivuta cha skrubu au prese. Isipigwe.

La pili ni sanduku la fyuzi. Umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye vibanio dhaifu vya fyuzi. Vikilegea hupata moto, plastiki inayeyuka. Ukiona fyuzi ya taa ndogo imezungukwa na rangi ya kahawia, usiweke fyuzi kubwa zaidi. Weka rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) kwa ajili ya taa za mbele na za kuegesha ili swichi ibebe mkondo mdogo tu. Na kama ndani ya gari pananuka moshi wa ekzosi huku ekzosi ni nzima, badilisha mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma. Moshi hufyonzwa kupitia hapo gari likiwa kwenye mwendo.

Tukija kwenye makaratasi. Namba ya bodi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. HS30 ni usukani wa kulia, HLS30 ni usukani wa kushoto, RS30 ni 260Z iliyofuata, ya usukani wa kulia. Ilingane na kibati kilicho kwenye chumba cha injini na ilingane na kadi ya gari. Namba iliyozungukwa na alama za kuchomelea isikupe moyo wa kujadiliana bei, toka hapo. Namba ya injini kutolingana ni jambo la thamani tu, halizuii gari kutembea, lakini bei ishuke.

Kuingiza kutoka nje si mchezo. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane wala hailisajili la usukani wa kushoto kwa mtu wa kawaida. Uganda imefunga mlango kwa yaliyopita miaka kumi na mitano. Tanzania mlango uko wazi zaidi, ila kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Anayedai ana njia ya msamaha wa gari la kale aonyeshe barua ya mamlaka yenyewe kabla gari halijapanda meli. Ndiyo maana yaliyokwishasajiliwa hapa kwetu yana bei kubwa, na ndiyo maana yaliyooza hupakwa rangi.

Kuhusu rangi: gari lililotengenezwa kwa ajili ya Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse huwa limefanyiwa kazi hata chini ya tumbo, kwa kuwa waamuzi huinama. Lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa hung'aa juu tu, na chini limepuliziwa lami nyeusi mbichi. Sisi tungelipa zaidi kwa lenye rangi iliyochujuka na bati lake la kiwandani kuliko hilo la pili.

Muuzaji akisema gari limefanyiwa matengenezo kamili, mwombe picha za bodi ikiwa bati tupu kabla ya praima: reli chini ya betri, sakafu bila lami, vizingiti vikiwa vimefunguliwa, kona za nyuma ya milango. Fundi aliyefanya kazi hiyo vizuri huwa amezipiga, na ni nyingi. Asipokuwa nazo, lihesabu gari hilo kama ambalo halijaguswa, na bei yake iwe hiyo.

Mafundi wa Datsun za zamani,
Nairobi