Mdogo wangu anaitwa teja tena, na mwenye makosa ni mimi

Assalaam aleikum Shangazi, na nyinyi wasomaji mtakaopitia hapa. Mimi niko Kisauni, mke wa mtu, watoto watatu, kazi yangu mahamri na mbaazi, saa tisa usiku nshaamka nasukuma. Barua hii nimeifuta mara mbili tayari kwa hivo ikiwa ndefu mnivumilie.

Nianze na mdogo wangu manake bila yeye hamtaelewa kitu. Ni kitinda mimba wetu, alitumia unga miaka kama tisa. Majirani walikuwa na mzaha wao, ati nyumba ile ni ya unga, dada unga wa ngano kaka unga wa Pakistan, nami nikicheka nao ili waondoke. Aliuza simu ya marehemu mama, aliuza mpaka mtungi wangu wa gesi. Mimi ndo nilikuwa namtukana kuliko wote. Mkoba nilikuwa nalala nao chini ya mto. Mume wangu siku moja alimfungia chumbani siku nne ati arosto, yale mateso ya kukosa unga, imuishe, akawa anatapika na kujikunja humo ndani na sisi huku nje tunakula, na alipofunguliwa hata wiki haikuisha akarudi maskani. Sasa huu mwaka wa pili anakwenda kliniki kila asubuhi kunywa methadone, ile dawa ya kuwashikilia wanaoacha unga, anapewa kwa kikombe mbele ya nesi anameza palepale, na alhamdulillahi ametulia, anaosha tuktuk za watu, amenenepa.

Sasa nije kwangu.

Mama alipolazwa mara ya mwisho mimi ndo nilikuwa nalala naye wodini, kwa kiti, miezi miwili, na alipofariki usingizi ukawa hautaki tena. Nikaenda kwa daktari mmoja wa mtaani akanipa vidonge vya bromazepam, kimoja usiku, wiki mbili tu alisema. Wallahi usiku wa kwanza nililala kama mtoto aliyekunywa maziwa. Wiki mbili zikaisha, nikaenda kemisti bila karatasi, nikapewa. Nikaenda tena, nikapewa tena. Ikafika nikitokea tu mlangoni yule kijana ashainua mkono kwa rafu, hata salamu hatujapeana. Kimoja kikawa hakinifanyi kitu nikala viwili, mwisho nikafika vinne kila usiku, yani miligramu kumi na mbili, na hiyo ni miaka minne Shangazi. Miaka minne na hakuna aliyeniita teja hata siku moja, kwani mimi dawa yangu iko kwa karatasi ya silva na ina jina la kampuni.

Na dalili zilikuweko, sikutaka tu kuziona. Kuna alfajiri nilisimama mbele ya karai na kijiko cha matundu mkononi, mafuta yanachemka, nikashtuka mahamri yote kumi na mbili yamekuwa makaa na moshi umejaa jikoni, na sijui nilisimama pale muda gani. Nikayatupa, nikamwambia binti yangu moto ulizidi. Wateja wakawa wananirudishia, leo nimetia chumvi mara mbili, kesho nimesahau iliki. Nikasema ni umri, na arubaini na tatu sijui kama ni umri.

Kabla ya Ramadhani iliyopita nikajipa moyo. Nikasema mwezi huu nafunga na hivi vidonge navifunga pia, basi. Nikatia stripu zote kwa choo nikamwaga maji. Ya kwanza sikulala. Ya pili sikulala, pangaboi naliskia kama lori, ngozi inawasha kwa ndani, moyo unakimbia, jasho mpaka shuka natoa nakamua. Nikawa naskia adhana na bado saa sita ya usiku. Siku ya nne baada ya futari nikaanguka jikoni. Mimi sikumbuki, nimeambiwa macho yaligeuka na mwili ukakakamaa ukawa unarukaruka, ulimi nikauuma. Mavyaa akasema nimepandwa, majirani wakaja kusoma, mwengine akaleta ubani. Hospitalini daktari akaniuliza, mama kuna dawa yoyote unatumia? Nikamwambia panadol. Na ulimi wenyewe umevimba, bado ukaweza kusema uongo.

Aliyejua ni mdogo wangu. Alikuja kunitazama siku ya pili, hakuuliza umepatwa na nini kama wengine. Alinishika mkono akautazama vile unatetemeka, akanitazama mboni za macho, akangoja mavyaa atoke nje kisha akaniambia polepole, "Dada, umeacha nini?"

Nililia Shangazi. Nikamwambia yote. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema kumbe na wewe wala bugizi. Ndo nikajua tembe za jamii hii vijana wa maskani wana jina lao na wanazila pia, ila mimi yangu nilikuwa nameza na maji safi kwa gilasi.

Yeye ndo alinipeleka kwa daktari wa akili wa serikali. Tumekaa kwa benchi, nesi akatoka akasema mgonjwa aingie, na macho yake yako kwa mdogo wangu, mimi kwa buibui langu na mkoba wangu ameniona msindikizaji. Akanyanyuka akaninyooshea mimi mkono, kama kwa harusi. Ile haya niliyoiskia pale ndo haya aliyoishi nayo yeye miaka tisa na mimi nikiwa wa kwanza kumtia.

Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza mambo ambayo yule wa kwanza angenieleza tangu siku ile. Kwamba vidonge hivi ni vya muda mfupi, wiki mbili mpaka nne, ukipitisha hapo ukila kila usiku ubongo unazoea kushikwa na dawa na unasahau kujituliza wenyewe. Na kwamba ukizoea hauachi ghafla, hilo alilirudia, manake ndo linaleta kifafa kama kilichonipata na mtu anaweza kufa nacho. Akasema nitashuka ngazi kwa ngazi. Akanibadilisha akanipa diazepam kwa sababu hiyo inakaa mwilini muda mrefu, haikuachi kwa kishindo. Vidonge vya miligramu tano, nikaanza na vinne, halafu kila wiki mbili napunguza nusu kidonge, nikizidiwa nabaki palepale mpaka nitulie, sirudi juu. Kuna ngazi moja nilikaa mwezi mzima. Saa hii niko kimoja na nusu. Akanipa na masharti mengine, nisilale mchana hata nimechoka vipi, kahawa tungu mwisho adhuhuri, na nikikosa usingizi nisilale pale nikigeukageuka nikihesabu boriti, niondoke kitandani nikakae penye kiti mpaka uje wenyewe. Hilo la kiti linasaidia sikutaraji.

Akauliza pia, nani atakushikia dawa? Manake nikiwa nazo mimi usiku wa mashaka nitaongeza, najijua. Nikasema ndugu yangu. Akauliza nyumbani kuna mtu anatumia dawa nyengine kali, au pombe? Nikasema hakuna. Ya pili hiyo, baada ya ile ya panadol.

Kwa hivo dawa zangu ziko kwa mdogo wangu, kwa kikopo cha kahawa. Kila jioni baada ya magharibi akija nyumbani ananiletea ya usiku ule, ameikata kwa wembe vizuri, ameikunja kwa kipande cha karatasi ya daftari. Na Shangazi, mkono uliokunja kete za unga miaka tisa haujui kukunja vyengine. Ile karatasi ukiiona ni kete.

Jumapili mume wangu aliiona. Yeye yuko bandarini kwa shifti na kwa kawaida wakati ule hayuko, siku hiyo alirudi mapema akamkuta mdogo wangu langoni ananitia kitu mkononi na mimi nakifumbata. Hakuniuliza mimi. Alimshika yeye shati, akamwambia ameanza tena na sasa anauzia watu ndani ya nyumba yake, na akitia mguu pale atamvunja. Mavyaa akatokea mlangoni akasema teja harudi kuwa mtu, watoto wote wanaskia. Na mdogo wangu, ambaye neno moja tu lingemtoa, alinitazama, akaona nimenyamaza, akasema "Samahani shemeji," akaenda zake.

Nilinyamaza. Naandika hilo peke yake nilione vizuri.

Tangu siku hiyo tunakutana steji kama wezi. Mimi najifanya naenda kununua sukari, yeye anasimama kando ya wauza miwa, ananipa naondoka. Mdogo wangu wa mwisho ananiuliza kwani mjomba haji tena? Namaanisha mwanangu wa mwisho, ona hata kuandika nachanganya.

Sasa kuna mambo mawili yananila na sijui nianze na lipi.

Mume wangu si mtu mbaya ila ni mtu wa kukata shauri papo hapo. Nikimwambia, najua atakachofanya, atakwenda kutafuta hicho kikopo amwage chooni ati kwa mapenzi, aseme mke wangu si wa kula dawa, vumilia siku nne yataisha. Siku nne ndo zake, alimfanyia mdogo wangu hizohizo. Na mimi nikikatwa ghafla hapa nilipofika naogopa kuanguka tena, na safari hii sijui kama ni jikoni au mbele ya karai la mafuta. Nimewaza nimpeleke kwa daktari aambiwe na mtu mwenye koti jeupe, lakini hatakwenda bila kujua anaitiwa nini, na nikimwambia anaitiwa nini ndo nshamwambia.

La pili ndo zito zaidi na hata mdogo wangu sijamwambia. Yeye mwenyewe siku ya kwanza aliposhika kile kikopo aliniambia, "Dada hizi kwetu kliniki tunakatazwa kabisa." Manake methadone na vidonge vya usingizi vyote viwili vinapunguza pumzi, mtu anachanganya analala na pumzi inasimama, nesi wao anawaambia kila mara. Nikamuuliza basi kwa nini uzishike? Akasema yeye anaziogopa kuliko mimi. Nikaona ni jibu zuri nikafurahi, lakini tangu Jumapili simuoni vile alivyokuwa. Amekonda uso, anajibu kwa neno moja. Juzi nikamwambia nionyeshe kikopo. Akanipa. Nikazihesabu palepale steji, moja moja kwa kiganja, watu wanapita. Zote zilikuwemo. Hata nusu moja ya ziada ilikuwemo, ya ile siku niliyolala bila kukumbuka kuila nikamrudishia. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, akauliza tu, "Zimetimia?"

Sijalala vizuri tangu hapo na si kwa sababu ya dawa.

Kwa hivo naomba mnisaidie, hasa mliowahi kuacha vidonge hivi au mlio na mtu wenu kwa methadone. Nimnyang'anye kikopo? Nikimnyang'anya atajua simuamini, na ndo mtu pekee aliyeniamini mimi. Nikimwachia, nimemuwekea mtu aliyetoka motoni kiberiti mfukoni, na mtu mwenyewe amefukuzwa kwa dada yake kwa kosa si lake. Nimewaza nirudi kwa daktari nimwambie ukweli wote, labda kemisti ya huko kwake inaweza kunipa za wiki wiki badala ya mwezi, sijui kama wanafanya hivo. Na mume wangu nimwambieje mpaka asikie kabla hajanyanyuka? Nimwambie mbele ya mdogo wangu au kwanza peke yetu? Mavyaa nimfiche au askie, manake alivyosema neno lake mbele ya watoto naona na hilo lataka kurudishwa mbele ya watoto vilevile.

Tafadhali nijibuni kabla ya Ijumaa ijayo. Ijumaa napunguza nusu nyengine nibaki na kidonge kimoja, na wiki ya kupunguza huwa sina usingizi wala subira, kuku akilia nami nalia, sitaki kumwambia nikiwa katika hali ile.

Mama Mahamri,
Kisauni