Si kila "pop" ni kupasuka

Mhariri,

Wafasiri wa habari za Kiingereza wamelizoea neno pop kwa jibu moja: kupasuka. Kwa puto, sawa. Kwa sikio, msomaji anatishwa bure.

Chukua ushauri kwa abiria wa ndege. Kiingereza husema masikio hufanya pop ndege inaposhuka. Ukiandika kwamba masikio "hupasuka", msomaji ataelewa kiwambo cha sikio kimetoboka, na hilo ni jeraha la kumpeleka kwa daktari. Kinachotokea ni kingine kabisa. Kuna mrija mwembamba unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Ndege ikishuka, shinikizo la hewa ya nje huzidi la ndani na mrija hubaki umejibana. Ukimeza mate au kupiga miayo unafunguka, hewa inaingia, na mlio mdogo unasikika. Hapo sikio limezibuka, na neno hilo tunalo tangu zamani. Wengine hubana pua, hufumba mdomo na kupuliza polepole. Anayepuliza kwa nguvu anaweza kweli kukipasua kiwambo, kwa hiyo maneno haya mawili yanahitajika katika aya hiyohiyo na hayawezi kubadilishana nafasi.

Taarifa za michezo nazo zina shida kama hiyo. Mchezaji aliyekatika kano ya goti mara nyingi husema alisikia pop. Huo ni mlio tu, na daktari huuliza habari zake ili apate fununu ya jeraha. "Goti lilipasuka" ni habari nyingine. Andika "alisikia goti likilia ko!" na inatosha. Vidole navyo huzungumziwa kwa neno hilohilo la Kiingereza, ilhali sisi tunasema kualisha vidole.

Ukitaka kujua kwa nini neno moja linabeba yote haya, litamke polepole. Midomo inafungwa, hewa inajaa nyuma yake, midomo inaachia. Mwishoni inafungwa tena. Wanaisimu wetu huiita sauti p kipasuo kwa sababu hiyohiyo. Basi mbele ya neno hili uliza kwanza: ni nini kilichokuwa kimefungwa? Halafu: kilichofunga kimeharibika, au kimeachia tu? Kikiharibika, ni kupasuka, au kutumbuka kama ni chunusi. Kikiachia, ni kuzibuka au kufyatuka. Kizibo cha chupa hufyatuka, na boneti ya gari hufyatuliwa. Akiambiwa "pasua boneti" fundi atashangaa.

Jikoni kosa huonekana haraka. Mapishi yakitaka mbegu za haradali zikaangwe hadi zifanye pop, maana yake ni hadi zianze kutatarika. Mpishi aliyeambiwa "hadi zipasuke" atasubiri kuona nyufa, na mbegu zitaungua na kuwa chungu. Bisi, kinyume chake, hupasuka kwelikweli. Punje yenye unyevu wa karibu asilimia 14 hupata joto, maji ya ndani hugeuka mvuke, na kwenye nyuzi kama 180 za Selsiasi ganda hushindwa kuuzuia. Punje iliyokauka mno haina mvuke wa kutosha. Yenye ufa huuvujisha mapema. Zote mbili hubaki chini ya sufuria. Lakini hata hapo maelekezo huhesabu milio, si mipasuko: ikianza kuachana kwa sekunde mbili hivi, epua.

Studio za kurekodi sauti hulalamikia pop pia. Hizo ni pumzi za p na b zinazogonga maikrofoni na kutoa mshindo mzito. Dawa yake ni kitambaa chepesi kilichowambwa mbele ya maikrofoni, msemaji akae sentimita 10 hadi 15, na maikrofoni iinamishwe kidogo pembeni mwa mdomo. Wasemaji wa lahaja za pwani wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi ya p wanahitaji kitambaa hicho kuliko wengine.

Pengine mlio haupo tena, umebaki ughafla. Dirisha linalojitokeza kwenye skrini tayari tumelipa jina zuri, ibukizi. Mtu "aki-pop" kwa jirani, amepitia mara moja. Akimeza kidonge, amemeza kidonge; usiongeze kitu. Na mwanamume ambaye Kiingereza husema amefanya "pop the question" hapasui swali lolote, anaposa.

Yapo pia maneno yanayofanana kwa sura tu. Muziki wa pop haukutokana na mlio wowote: ni kifupi cha popular, neno lenye maana ya kupendwa na watu, lenye asili ya Kilatini populus. Pop kwa maana ya baba ni mabaki ya papa, neno la Kiingereza la kumwita baba. Soda inayoitwa pop, hiyo ni ya mlio kweli. Mshairi Robert Southey aliandika mwaka 1812 kwamba inaitwa hivyo kwa sababu ya mlio wa kizibo kinapong'olewa. Na ukiona kibao cha barabarani Marekani kimeandikwa "Pop." kikifuatiwa na tarakimu, hiyo ni idadi ya wakazi.

Wafasiri wawili, wasomaji wako