Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza: reli za ngazi za vilimani zifuate mwinamo wa ngazi

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Ombi la kuingiza reli zenye bawaba katika zabuni za ngazi za umma

Kule Igogo, Mabatini na Isamilo watu wamejenga katikati ya majabali, na kwa wengi njia ya kufika nyumbani ni ngazi. Ngazi hizo hufuata jabali lilivyolala. Unaweza kupanda vidato vyenye kimo cha mm 150 na kanyagio la mm 300, ukavuka kituo, kisha ukakutana na vidato vya 200 kwa 250. Mkondo wa kwanza wa vidato una mwinamo wa nyuzi 27 hivi, wa pili karibu nyuzi 39. Tunaomba kila zabuni ya ngazi hizi iagize reli, yaani vyuma vya kushikia pembeni mwa ngazi, ambazo pembe yake hupangwa pale pale kwenye ngazi, zisiwe paneli zilizochomelewa karakana kwa pembe moja.

Tuchukue paneli iliyotengenezwa kwa nyuzi 32, ikapelekwa kwenye ngazi ya nyuzi 36. Katika mita 2 za mlalo, ncha yake ya juu itakuwa chini ya mahali pake kwa sentimita 20. Fundi aliyefika nayo mlimani ana njia mbili. Akiizungusha nzima, nondo zote zilizopaswa kusimama wima hulala upande. Akiikata kwa grainda na kuichomelea upya, anaunguza zinki inayozuia kutu kwenye kiungo, mahali ambapo maji huingia kwanza. Kutu huanzia hapo, na mara nyingi huanzia ndani ya bomba ambako hakuna anayeiona. Isitoshe, kuchomelea mlimani kunahitaji umeme au jenereta ya kubebwa mabegani.

Reli tunayoipendekeza ina bomba la juu, bomba la chini na nondo za wima, na kila nondo imeshikwa kwa bolti moja juu na moja chini. Ukiinua ncha moja, mabomba mawili huinama pamoja na nondo hubaki wima. Kwenye kichwa cha kila nguzo kuna masikio mawili ya chuma bapa cha mm 6. Bolti ya M12, yaani ya kipenyo cha mm 12, inapita katikati yake na ndiyo bawaba. Bolti ya pili, M10, inapita kwenye tundu la upinde lililochongwa mm 40 kutoka bawaba. Mwendo wa mm 19 katika tundu hilo unatosha kutoka nyuzi 15 hadi 42, yaani karibu kila ngazi ambayo mtu mwenye mzigo anaweza kuipanda kwa usalama. Pembe ikishapatikana, bolti ya pili inakazwa, kisha fundi anatoboa tundu la mwisho kupitia masikio na bomba na kupigilia pini. Pini hiyo isiachwe. Msuguano wa bolti peke yake hulegea kadiri watu wanavyoegemea reli mwaka hadi mwaka, na reli iliyolegea ni hatari kuliko kukosa reli, kwa sababu mtu ameiamini.

Kuna jambo la nondo ambalo wachoraji wengi hulipita. Nafasi ya mlalo kati ya nondo hupungua mwinamo unapoongezeka, kwa hiyo ipimwe kwenye mwinamo mdogo kuliko yote. Nondo za mm 16 zikipangwa kila mm 118 kwa kufuata bomba, kwenye nyuzi 15 uwazi ni mm 98, na kwenye nyuzi 40 ni mm 74. Mpira wa kupimia wa mm 100 haupiti popote. Lakini ukiipanga kwa kutumia nyuzi 40 ili kuokoa nondo, paneli hiyo hiyo ikiwekwa kwenye ngazi ya taratibu itapitisha mwili wa mtoto mdogo.

Chini nako kuna pembetatu inayobaki kati ya kimo, kanyagio na bomba la chini. Isipitishe mpira wa mm 150. Kwa vidato vya 180 kwa 250, upande wa chini wa bomba usizidi mm 40 juu ya mstari wa kingo za vidato. Kwa vidato vya 200 kwa 300 inabaki mm 15 tu.

Nguzo ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Umbali kati yake, ukipimwa kwa kufuata mwinamo, usizidi mm 1250, na kila nguzo isimame angalau mm 75 kutoka ukingo wa kidato. Masharti haya mawili hugombana, kwa sababu nguzo lazima ziangukie katikati ya kanyagio: kila vidato 4 kwa ngazi ya 180 kwa 250, kila vidato 3 kwa ile ya 150 kwa 300. Umbali kati ya nguzo basi hauwi sawa kwa kila ngazi, na ndiyo maana ncha moja ya kila paneli iwe na bomba dogo linaloteleza ndani ya kubwa, huku nondo ya mwisho na nguzo zikibaki na uwazi chini ya mm 100 hata bomba likivutwa hadi mwisho.

Tunakusihi zabuni isiandike "bomba la inchi moja na nusu" ikaishia hapo. Bomba la maji la kipimo hicho lina kipenyo cha nje cha mm 48.3, la fanicha lina mm 38, na mara nyingi unene wake ni mm 1.5. Msukumo wa kilonewtoni 0.74 kwa kila mita, ambao ni wa kawaida kwa ngazi za umma zisizo na msongamano, unaifikishia nguzo moja karibu kilo 94 kichwani. Nguzo ya urefu wa mita 1 ya 48.3 yenye unene wa mm 3.2 inaubeba na kusogea kama mm 13. Ile ya fanicha inapata mkazo wa zaidi ya mara 2 na nusu ya ule unaoanza kupinda chuma cha kawaida. Iandikwe kipenyo cha nje na unene, kwa milimita.

Nguzo isifungwe kwenye lipu wala kwenye mawe yaliyounganishwa kwa udongo. Penye jabali zima, litobolewe mm 200, nguzo isimamishwe humo na tundu lijazwe saruji isiyosinyaa. Pasipo na jabali, limwagwe zege la 400 kwa 400 kwa 500 pembeni mwa ngazi, na uso wake uteremke kidogo ili maji ya mvua yasikae kwenye shina la nguzo.

Matundu yote yatobolewe kabla ya kuchovya vyuma katika zinki, isipokuwa lile la pini, ambalo hupakwa rangi ya zinki papo hapo. Yawe mapana kwa mm 2 kuliko bolti, maana zinki hujaza. Kila bomba lililozibwa liwe na matundu ya kutolea hewa, kwa sababu hewa au maji yaliyofungiwa ndani hulipuka kwenye zinki ya moto wa nyuzi 450 za Selsiasi. Nati ziwe za kujifunga, na ncha za bolti zipondwe baada ya kukaza, ili wauza chuma chakavu wasizifungue usiku.

Vipimo vichukuliwe hivi: kamba ivutwe kutoka ukingo wa kidato cha kwanza hadi cha mwisho cha kila mkondo, kisha pembe isomwe kwenye kamba. Kidato kimoja hakitoshi, kwani hakuna kinachofanana na mwenzake. Bomba la kushika liwe mm 900 hadi 1000 juu ya kamba hiyo, lipite mm 300 mbele ya kidato cha kwanza na cha mwisho, na viungo vyake vifunikwe ili mkono uteleze bila kukwama. Penye upana wa kutosha liwepo pande zote mbili. Mama mwenye ndoo kichwani ana mkono mmoja tu wa kushikia, na anaposhuka huo huwa upande wa pili.

Kabla ya malipo ya mwisho, mhandisi wa jiji afike na mizani ya kuning'iniza na kamba, avute kichwa cha kila nguzo ya tano kwa mlalo hadi kilo 94, na apime. Ikisogea zaidi ya mm 25, au isiporudi mahali pake, mkondo wote urudiwe kwa gharama ya mkandarasi. Sharti hilo liwe ndani ya mkataba tangu siku ya kusaini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi chuma na wachoraji wa ngazi