Kwa somo yangu, kabla ya harusi

Wete, Pemba

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika, na habari ya posa imenifurahisha hata nikamsomea mama. Lakini pale uliposema kuwa mkweo mtarajiwa aliuliza juu ya kovu la kifuani, la ule upasuaji wa moyo tuliofanyiwa sote wawili, nawe ukamjibu kuwa ulikwisha pona zamani, pamenikosesha usingizi, kwani ndilo jibu nililokuwa nikilitoa mimi mpaka msimu wa karafuu wa mwaka jana.

Nilikuwa nimekaa juu ya jamvi nachambua karafuu, sikupanda mti wala sikuinua gunia, moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Konyo lilikuwa bado limo baina ya vidole vyangu nilipoona giza. Nilipelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na huko ndiko nilikoelezwa tulichofanyiwa India mwaka 2004. Ugonjwa wetu, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, huitwa tetralojia ya Fallot. Lile tundu baina ya vyumba viwili vya chini vya moyo lilizibwa, na njia ya damu ya kwenda mapafuni, iliyokuwa nyembamba, ikapanuliwa. Na kupanua huko mara nyingi huiacha valvu yake, yaani kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, ikivuja. Damu inayorudi nyuma kwa kila pigo hukitanua chumba cha chini cha kulia mwaka hadi mwaka, mwenyewe akipika, akifua na kulala bila ya kuhisi lolote, mpaka mapigo yanapoanza kuvurugika. Baadhi yetu huja kuhitaji valvu mpya ukubwani, na tangu mwaka 2000 kuna njia ya kuipitisha kwenye mshipa wa paja bila ya kupasua kifua tena, ingawa haimfai kila mtu. Mimi kwa sasa nimepewa vidonge na kutakiwa nirudi kila mwaka.

Nakiri kuwa nilikasirika. Hospitali iliyotupokea tuliporudi ilimwambia mama neno moja tu, "kapona", na kwa miaka zaidi ya 15 hakuna aliyeniita.

Sikukatazi kuolewa, somo, wala sikukatazi kuzaa. Wengi wenye maradhi yetu huzaa salama. Ila mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mzigo huo huubeba moyo, ndiyo maana daktari hutaka kuupima kabla, na baadaye kumtazama mtoto tumboni, kwani naye huweza kurithi kasoro. Na hilo jino unalolalamikia, usikae kwenye kiti cha daktari wa meno kabla ya kumweleza habari ya moyo: vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo, na baadhi yetu, hasa wenye valvu za bandia, hupewa dawa kabla ya kung'olewa.

Mama alikihifadhi cheti changu cha India sandukuni pamoja na kanga zake, na daktari alikifurahia kuliko kipimo chochote, kwa kuwa kinaeleza hasa kilichokatwa na kilichoshonwa. Muulize bibi yako chako kiko wapi. Kliniki yangu ni mwezi ujao. Nitashuka bandarini Malindi, Unguja, kwa boti ya asubuhi, na nitakungojea uje na cheti chako tuvuke pamoja hadi Dar es Salaam.

Wasalaam,
Somo yako