Kabla hujafika mbele ya hakimu

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Juzi ulinipigia kutoka huko kizuizini cha uhamiaji, simu ikakatika pale pale uliponiuliza kuhusu ombi lako la dhamana, "Sasa hakimu nitamwambia nini?" Nikalala na swali lako. Naona bora nikuandikie, barua haiishiwi chaji.

Kwanza uelewe kwamba hakimu wa dhamana haamui kama ubaki Uingereza au uondoke. Hiyo ni kesi nyingine na ina siku yake. Huyu anataka kujua, ukiachiwa, utaitika ukiitwa? Mimi, nilipokuwa kizuizini kama wewe, hilo sikulijua. Nilipopewa nafasi nikaanza kusimulia safari yangu yote tangu nilipoaga nyumbani, mkalimani ananifuata huku anahema, mpaka hakimu akaniuliza taratibu, "Utalala wapi?" Nikakwama. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika nyumba namba 14, na shemeji aliyekubali kunipa chumba kaandika 41 kwenye barua yake. Kosa letu wenyewe, bwana, hakuna wa kumlaumu. Dhamana ikakataliwa.

Na ukishakataliwa kwenye kikao, ombi jipya ndani ya siku 28 linatupwa bila kusikilizwa, isipokuwa hali yako iwe imebadilika kwa jambo la maana. Siku hizo nilizihesabu moja moja. Kwa hiyo chukua fomu yako ya B1, ile ya kuombea dhamana, na barua ya mwenye nyumba, ziweke pamoja mezani, ulinganishe herufi kwa herufi mpaka msimbo wa posta.

Kuna karatasi nyingine, muhtasari wa upande wa serikali, unaoeleza kwa nini hawataki uachiwe. Unatakiwa kutolewa kabla ya saa nane mchana, siku ya kazi inayotangulia kikao. Usiku wake hutalala sana, nakwambia. Usiusome kwa hasira. Shika kalamu, pembeni ya kila aya andika "kweli", "si kweli" au "kweli lakini". Hizo "kweli lakini" ndizo zenye kazi. Wakisema siku fulani hukwenda kuripoti kwa maofisa wa uhamiaji, na wewe siku hiyo ulikuwa hospitali, itafute barua ya miadi. Palipo na kweli tupu, kubali. Hakimu ameshasikia visingizio vingi kuliko vyako.

Wanasheria wa zamu hufika humo kizuizini, na dakika 30 za ushauri ni bure. Jiandikishe leo. Muulize mwanasheria pia kama umeshapangiwa ndege ya kukurudisha kwenu, maana ikiwa ni ndani ya siku 14, hakimu hawezi kukuachia bila ridhaa ya Waziri wa Mambo ya Ndani.

Huenda usifikishwe mahakamani kabisa, ukakalishwa kwenye chumba kidogo mbele ya skrini. Mkalimani akiongea Kiswahili usichokielewa, sema mapema, kabla hujajibu swali hata moja. Mimi niliona aibu, nikawa naitikia tu.

Sasa la mdhamini. Nitakusimamia mimi, hilo usilijadili. Sitoi fedha siku hiyo. Naahidi kiasi, na nitadaiwa ukivunja masharti. Nimeshachapisha taarifa za benki za miezi mitatu na hati za mshahara, na nakala ya kibali changu cha ukaazi ipo. Kinachonitia wasiwasi ni maswali. Shemeji aliulizwa ananijua vipi na tunaonana mara ngapi, akajibu "namwamini" mara tatu, basi. Hakimu akaandika kitu, akafunga kalamu.

Sitaki tutunge, nataka tukumbuke. Mimi naona tulikutana mara ya kwanza mwaka 2017, wewe umevaa koti la kuazima, mikono imepita vidole. Au ilikuwa 2018? Nijibu kabla sijatia sahihi.

Ni mimi,
sahibu yako