Presha ya kushuka si upungufu wa damu

Mhariri,

Kila nikifungua ukurasa wa afya nakuta presha ya kupanda: punguza chumvi, acha mafuta, fanya mazoezi. Ni sawa, wenye nayo ni wengi. Ila sisi wa presha ya kushuka tumeachiwa ushauri wa majirani, na mara nyingine ushauri huo ndio unaotushusha zaidi.

Mimi ni mama lishe hapa Ngamiani, Tanga. Tangu alfajiri niko mbele ya majiko, na joto la Tanga mwezi Januari halina haja ya kuelezwa. Kizunguzungu kilipozidi, nikiinuka kwenye kigoda naona giza, nikaenda zahanati. Presha 88 kwa 54, na chini ya 90 kwa 60 ndiyo huitwa ya kushuka. Kabla sijafika nyumbani habari zilishatangulia: wifi keshachemsha rozela, jirani kaleta bitiruti, "Kunywa mama, damu imekwisha."

Haijaisha. Siku ileile nilipimwa wingi wa damu, ukawa 12.9, unatosha kwa mwanamke. Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Wingi wa damu una kipimo chake, na mtu anaweza kuwa na tatizo moja bila la pili. Tena rozela na bitiruti vyote vinajulikana kwa kushusha presha! Ile rozela ya wifi niliwauzia wateja, wakaisifu sana.

Nafuu yangu ilianza na maji. Sisi wapishi tunatoka jasho kutwa na hatukumbuki kunywa. Sasa chupa yangu ya lita moja na nusu inakaa karibu na sufuria na lazima iishe kabla sijafunga. Asubuhi nakunywa glasi moja kitandani, nakaa kwanza ukingoni nikichezesha miguu, ndipo nasimama. Wali wa mchana naugawa mara mbili, maana shibe kubwa huvuta damu tumboni na kichwa kikabaki chepesi. Chumvi nimeongeza kidogo kwenye supu, lakini kwa ruhusa ya daktari aliyenikagua moyo na figo. Mwenye presha ya kupanda, au mgonjwa wa figo au moyo, asiniige.

Nina neno pia kwa wanaotupima. Mama yangu ni mzee, anameza dawa za presha ya kupanda, na akiinuka usiku kwenda msalani anayumba, ameshaanguka. Kila kliniki alipimwa amekaa, akaambiwa yuko vizuri. Mpaka muuguzi mmoja alipompima amelala, kisha amesimama: ya juu ikatoka 138 ikaja 112. Ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo nayo ni presha ya kushuka, hata kwa mgonjwa wa presha ya kupanda. Daktari akambadilishia dawa. Sisi wenyewe hatukuthubutu kumkatisha.

Naomba mumtafute mtaalamu aandike juu ya kipimo hiki cha kusimama, na ataje dawa zinazoleta hali hiyo. Za kukojoza zimo, na baadhi ya zile za tezi dume. Wazee wetu wanapewa pakiti nzima bila hata kuambiwa wainuke polepole.

Mama lishe,
Ngamiani, Tanga