Barua kwa mwanangu anayeanza fildi Jumatatu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi kuhusu fildi, hayo mafunzo yako ya kazini, nimeusoma mara tatu. "Shangazi, fildi ni kusainiwa logibuku tu, wiki nane zinapita." Sikukujibu kwa sababu nilikuwa jikoni, na baadaye nikaona jibu langu ni refu kuliko simu. Nimeliandika hapa hadharani, jina lako nimelificha, wenzako nao wasome wakitaka.

Nianze kwa kukiri: logibuku yangu mwenyewe, daftari la chuo la kuandika kazi za kila siku, nilipokuwa fildi kwa watu wa maji, ina uongo. Ninayo hadi leo. Wiki ya pili, Alhamisi, nimeandika: "Nilishiriki kufungua valvu baada ya matengenezo ya bomba." Sahihi ya msimamizi ipo, muhuri upo. Kilichotokea ni kwamba fundi aliniambia nifungue valvu ya kushoto, nami nikafungua ya kushoto kwangu nilivyosimama. Yeye alimaanisha kushoto ukitazama tangi. Tukafukia, tukaondoka tukiimba kwenye gari. Asubuhi kina mama wa mtaa mmoja walikuwa mlangoni kwa ofisi na ndoo tupu.

Kinachoniuma si valvu. Ni kwamba nilipokuwa nimeshika ule ufunguo nilijua kabisa sijaelewa. Niliona haya kuuliza mara ya pili mbele ya wanaume sita.

Yule fundi hakunigombeza. Aliniuliza, "Jana ulikuwa unajua au unakisia?" Nikasema nilikisia. Akasema, "Na hilo utaliandika wapi?" Nikafungua logibuku: tarehe, kazi iliyofanyika, vifaa vilivyotumika, sahihi. Pa kuandika kwamba nilikisia hapakuwepo.

Jioni ile nilinunua daftari dogo dukani, lile la watoto wa shule ya msingi. Kila usiku nikawa naandika mistari michache: kimetokea nini, mimi nilikuwa nawaza nini wakati kinatokea, kesho nifanye nini tofauti. Ukurasa wa kwanza niliandika lengo moja, nalo halikuhusu mabomba: kuuliza kila nisipoelewa, walau mara moja kwa siku, na swali lenyewe kuliandika. Mengine yalikuwa maswali ya kijinga mno. Moja liliwachekesha mafundi wiki nzima, sitakuambia.

Lakini wiki ya nne niliuliza kwa nini kikosi cha mivujo kinatoka usiku wa manane ilhali mchana kutwa wamekaa. Fundi akasema, njoo uone. Baba yako ndiye aliyenisindikiza mpaka kwenye gari saa saba usiku, akinuna. Tulitembea na fimbo ya chuma: ncha moja unaiweka juu ya bomba au valvu, nyingine unaitegesha sikioni. Mji ukilala, watu hawafungui mabomba, msukumo wa maji unapanda, makelele ya magari yamekwisha. Bomba linalovuja linanguruma, au linapiga mluzi mwembamba. La chuma linapeleka sauti mbali. La plastiki linaimeza, mpaka uwe karibu sana na tundu. Na mita ya eneo zima, ukiisoma kati ya saa nane na saa kumi usiku, inakuonyesha maji yanayokwenda pasipo mtu wa kuyatumia. Mengi ya hayo yanaishia ardhini. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulitoka kwenye usiku ule. Hata kazi ninayoifanya sasa, ukiifuatilia nyuma, utafika palepale.

Hayo nayasema kwako unayesoma uhasibu, ambako hakuna fimbo wala shimo. Halmashauri watakupa rundo la hati za malipo uzipange kwa namba. Mfumo wa MUSE, ule wa kompyuta wa malipo ya serikali, utauona kwa mbali tu. Nywila hutapewa, wala usiombe. Unaweza kupanga hati wiki nane na kutoka na vumbi la makaratasi. Au unaweza kuziangalia unapozipanga: hii ina ankara, ina hati ya kupokelea mali, hii haina, kwa nini imelipwa? Ile iliyorudishwa na mkaguzi wa ndani imerudishwa kwa kosa gani? Muulize mhasibu wakati wa chai, si akiwa na foleni mlangoni.

Na lengo lako? Fomu ya chuo naijua, utaandika "kupata uzoefu wa kazi", na msimamizi wa chuo atakuja siku moja, ataangalia mahudhurio, ataondoka. Hilo liandike, linataka maksi. Ila wewe nakufahamu tangu unatambaa. Wewe ndiye uliyetuma mchango wa msiba wa bibi kwa namba isiyohusika, kwa sababu hukusoma jina lililotokea kabla ya kuthibitisha. Methali sikutajii, unaijua. Kwa mhasibu hiyo si tabia ndogo. Basi hesabu: kila siku andika mara ngapi umekosea kwa haraka, na ulikuwa unakimbilia nini. Wiki ya kwanza utachukia kuiona hiyo namba.

Baba yako mkubwa hucheka nikisema haya. Yeye alimaliza kidato cha sita 1976, wakati Azimio la Musoma la 1974 limeshataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akakaa miaka miwili kwenye ghala la pamba akipima mizigo. Waliochukia walikuwa wengi, na kwa haki: miaka ya ujana hairudi. Lakini yeye anasema aliingia darasa la uchumi akiwa tayari na ugomvi wake na ile mizani, akawa anamsikiliza mwalimu kama mtu anayedai deni. Ninyi mnapewa wiki nane, na somo limetangulia. Ugomvi inabidi mwende nao wenyewe.

Siku nyingine hakutakuwa na kitu. Umeme umekatika, mkuu wa idara yuko semina, mmekaa mnatazamana. Andika "leo hakuna" na ulale. Usijitungie mafunzo, ya kutunga nishayatunga mimi, na yana muhuri.

Daftari nimempa kondakta wa basi la asubuhi, limo kwenye bahasha ya kaki pamoja na karanga. Karanga ni za mama yako.

Shangazi yako